Taa ya mwisho ndiyo inayochagua waya

Mwaka jana niliitwa Bagamoyo, kwenye nyumba ya wageni yenye njia ya mawe inayotoka barazani hadi getini, nikague taa za bustani ambazo mwenyewe alikwisha kubadilisha balbu zake mara tatu. Zilikuwa taa kumi za LED za volti 12, kila moja ya wati 6, zikiwa zimepangwa kila baada ya mita 4. Zile za karibu na baraza ziliwaka vizuri, za katikati hazikuwa na neno, lakini tatu za mwisho zilififia na kukonyezakonyeza kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Mama mwenye nyumba aliamini kwamba ameuziwa balbu mbovu. Nilipima taa zote zikiwa zinawaka: kwenye transfoma, kile kisanduku kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti 12, nikapata volti 11.9, kwenye taa ya mwisho 9.1. Balbu hazikuwa na kosa lolote. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani, ndani ya waya wa milimita za mraba 1.5 uliozikwa bila hesabu.

Fundi aliyezoea umeme wa nyumbani hudhani kwamba volti 12 ni umeme mdogo, na kwa hiyo waya mdogo unatosha. Mambo ni kinyume chake. Wati ni zao la volti na ampea, hivyo ukipunguza volti huku ukitaka wati zilezile, ampea hazina budi kuongezeka. Taa hizo kumi, zenye jumla ya wati 60, kwenye volti 230 zingevuta takriban robo ya ampea. Kwenye volti 12 zinavuta ampea 5, yaani karibu mara 19 zaidi, na kinachoamua volti ngapi zitapotea ndani ya waya ni hizo ampea. Isitoshe, volti moja ikipotea kwenye 230 hakuna jicho litakalotambua, ilhali kwenye 12 ni zaidi ya asilimia 8 ya mali yote uliyonayo.

Hesabu yenyewe inatosha nyuma ya risiti. Chukua urefu wa njia kwa mita, uzidishe mara mbili kwa kuwa umeme huenda na kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha tena kwa 0.018 ambayo ndiyo namba ya ukinzani wa shaba, kisha gawanya kwa ukubwa wa waya kwa milimita za mraba. Kwa njia ya mita 40 na ampea 5, kabla ya kugawanya unapata 7.2, ukigawanya kwa 1.5 unapata volti 4.8. Hiyo ingekuwa hasara iwapo taa zote zingerundikwa getini. Zikitawanywa sawasawa hasara hukaribia nusu, kwa kuwa kila taa unayoipita hubaki na sehemu yake ya ampea na waya wa mbele hubeba ampea za taa zilizobaki tu. Kwa taa kumi ni asilimia 55, yaani volti 2.6. Multimita, kipimo changu cha umeme, ilionyesha 2.8. Sehemu ya tofauti hiyo niliikuta baadaye kwenye maungio, na nyingine ilitokana na balbu zenyewe, kwa maana balbu nyingi za LED zina kisaketi ndani kinachong'ang'ania wati zilezile, hivyo volti zikishuka zenyewe huvuta ampea zaidi na kuzidisha hasara. Balbu za zamani za halojeni hazina ukaidi huo, ila nazo huadhibu kwa njia nyingine: kwa volti 10.5 hutoa chini ya theluthi mbili ya mwanga wake.

Kigezo changu ni kwamba taa ya mwisho isipungue volti 11 wakati zote zinawaka. Kwa bustani ile, waya wa 2.5 kutoka barazani ungepoteza volti 1.6 na kufeli. Wa 4 ungepoteza volti 1 na kufeli kwa chupuchupu. Wa 6 ungefaulu, lakini bei yake inauma na ncha zake haziingii kwenye vishikizo vidogo vya taa hizi. Kabla ya kununua shaba nene, hata hivyo, mimi huzunguka bustani nikitafuta mahali pa kuhamishia transfoma. Pale palikuwa na kibanda cha pampu ya maji katikati ya njia, chenye umeme wa 230 tayari. Ukilishia katikati, kila upande una nusu ya urefu na nusu ya ampea, kwa hiyo hasara hushuka hadi kama robo. Waya wa 2.5 kutoka kwenye kile kibanda hupoteza volti 0.4 tu kila upande. Hatua ishirini za kuhamisha sanduku moja zilifanya kazi ambayo shaba ya bei kubwa isingeifanya.

Wapo wanaokimbilia njia ya mkato ya kuchomeka waya kwenye tundu la volti 13 au 14 la transfoma yenye matundu mengi. Taa ya mbali hufurahi, ya karibu huteseka, na kama ni halojeni huungua mapema mno. Vilevile, usinunue transfoma ndogo za kielektroniki zilizotengenezwa kwa ajili ya halojeni za darini ukidhani zitafaa bustanini: umeme unaotoka humo hugeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na watengenezaji wengi huagiza waya wake usizidi mita 2 hivi. Tumia ya koili, nzito, au ya LED inayotoa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja bila kugeuka, iliyofungwa dhidi ya maji. Na usiache fyuzi upande wa volti 12. Transfoma ya wati 300 inaweza kusukuma ampea 25, na ampea 25 ndani ya waya mwembamba ulioguswa na jembe ni moto wa kweli, hata kama huwezi kupigwa shoti ukiushika.

Sasa dukani. Tatizo kubwa ninalokutana nalo ni waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao kwa nje hauna tofauti na shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Aina hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba, hivyo 2.5 yake ni sawa na 1.6 au chini, na hesabu yako yote inakuwa ya bure. Uzito nao husema, kwa sababu shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Koili inayoinuliwa kwa kidole kimoja itilie shaka. Aina nyingine ya udanganyifu ni shaba halisi iliyopunguzwa unene. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja mnene unapaswa kuwa na kipenyo cha karibu milimita 1.78, nami hutembea na vernia, kifaa cha kupimia unene, mfukoni, jambo linalowaudhi baadhi ya wauzaji. Kwenye koili kamili ya mita 100, ukipima ncha hadi ncha, shaba ya 2.5 husoma takriban omu 0.74; kumbuka tu kutoa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe.

Wateja wanaoletewa seti za taa na ndugu walioko Marekani waangalie mambo mawili. Namba za waya za kule huenda kinyume, namba kubwa ikiwa waya mwembamba: namba 12 ni kama milimita za mraba 3.3, na namba 16 ni 1.3 tu. Pili, transfoma yake ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Waya wa kawaida wa nyumba umetengenezwa kukaa ndani ya bomba ukutani. Ardhini unataka kebo yenye ganda la pili, na kila inapochomoza juani ganda hilo liwe jeusi, kwani rangi nyingine hupauka na kupasuka. Kanuni za Marekani huruhusu nyaya za taa za bustani za volti ndogo zizikwe inchi 6, yaani kama sentimita 15. Kwetu kina hicho ni cha jembe la kwanza. Mimi huchimba sentimita 30, natandika mchanga chini na juu ili mawe yasikate ganda, na penye mchwa naipitisha kebo ndani ya bomba gumu la PVC. Unguja au Nyali, ambako sululu hugonga mwamba wa matumbawe baada ya sentimita kumi, nakubali kushindwa, nalaza bomba juu ya mwamba na kulifunika kwa kokoto.

Mtu wa kumsikiliza wakati wa kuchimba ni mtunza bustani. Pale Bagamoyo mzee alinitazama nikipiga kamba kando ya mikungumanga, akasema, "Mwanangu, hapo ndipo ninapofukia mbolea kila mwaka." Nikamjibu, "Shikamoo tena, Mzee, umeniokoa," nikasogeza kamba mita moja na nusu. Kwenye kila taa niliacha mzingo wa kama nusu mita ya kebo chini ya ardhi, maana mimea hukua na taa huhamishwa.

Yanabaki maungio, na hapa ndipo nilipoikuta ile sehemu ya volti. Fundi aliyenitangulia alisokota nyaya, akazungushia tepu, akazika. Nilipozifungua, shaba ilikuwa imevaa ukungu wa kijani na nyuzi kadhaa zilikatika zikiwa mkononi mwangu. Tepu haizuii maji, huyafungia ndani. Karibu na bahari chumvi huharakisha uharibifu, na kama taa zako ni za DC upande wa chanya huliwa kwanza, umeme wenyewe ukiyeyusha shaba ndani ya unyevu. Natumia viunganishi vyenye jeli ndani, au nachomea kwa risasi na kufunika kwa mrija unaosinyaa ukipashwa moto, ule wenye gundi ndani, si ule mtupu. Ungio lisikae kamwe ndani ya bomba, kwa sababu bomba la ardhini hujaa maji siku moja, na waya wa volti 12 usishiriki bomba na waya wa 230.

Tulipowasha jioni ile nilipima taa zote kumi moja baada ya nyingine. Getini ilisoma 11.5, barazani 11.4. Namba hizo zote niliziandika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa transfoma, pamoja na tarehe na ukubwa wa waya, ili fundi atakayeitwa siku taa zikififia aanze kwa kupima pale zilipopungua, kabla hajamwambia mama anunue balbu.