Je, wajua kwa nini ukurasa wa mipangilio ya kioo hugoma kufunguka ilhali kioo chenyewe ni kizima?

Unabofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye kioo cha kompyuta. Menyu inashuka, unachagua "Display settings". Kiduara cha bluu kinazunguka kidogo, kinapotea, basi. Hakuna kilichofunguka. Au kinatokea kidirisha kidogo chenye maneno ms-settings:display, kikidai kwamba hakuna programu ya kushughulikia ombi hilo. Wakati huohuo picha ipo, rangi zipo, mausi inatembea, na kila kitu kingine kinakwenda.

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja tu kwa hali hii, na lilikuwa si sahihi.

Kila msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, kompyuta za vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima huja mezani kwangu hapa Mtwara mjini kuliko miezi mingine, maana ndipo zinapofanya kazi kweli: majina ya wakulima, kilo, makato, malipo. Msimu mmoja alikuja karani wa chama cha upande wa Tandahimba na laptopu yake. Shida yake ilikuwa ndogo. Mwenyekiti wao ni mtu mzima, macho yamechoka, namba za kwenye kioo hazioni tena vizuri, hivyo karani alitaka kukuza herufi. Ukurasa ukagoma.

"Fundi, hii imekuwaje?"

"Dada, hii ni kadi ya picha. Draiva yake imekufa."

Nikaondoa draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi hiyo, nikaiweka upya. Ukurasa ukaendelea kugoma. Nikapiga Windows upya, ukafunguka. Karani akalipa, akapanda gari kurudi Tandahimba akiwa amepoteza siku nzima, na mimi nikabaki na imani kwamba jibu langu lilikuwa sawa kwa sababu dawa ilifanya kazi.

Tatizo ni kwamba kupiga Windows hufuta kila kitu kwa pamoja. Ni sawa na kuchoma shamba zima kwa sababu ya mkorosho mmoja wenye ugonjwa wa ubwiri unga. Ukungu utaondoka, ila huwezi kusema umejua ulikuwa umeanzia wapi. Draiva ilibadilika, ndiyo. Lakini na mambo mengine maelfu yalibadilika pamoja nayo, na mimi nikaipa draiva lawama zote.

Ningeangalia kioo kwa makini ningeona ushahidi ulio wazi. Picha haipiti kwenye ukurasa wa mipangilio ili ifike machoni. Kioo chenyewe hujitambulisha kwa kompyuta: ndani yake kuna maelezo mafupi yaitwayo EDID, sehemu yake ya msingi ikiwa na baiti 128 tu, utaratibu uliowekwa mwaka 1994. Maelezo hayo yanasema kioo kimetengenezwa na nani, kina ukubwa gani na kinaweza kuonyesha nukta ngapi. Kadi ya picha huyasoma, draiva huchagua, picha hutoka. Yote hayo hufanyika kabla hujaingiza neno la siri, na ukurasa wa mipangilio haujaitwa hata mara moja.

Kuna ushahidi mwingine uliopaswa kunizuia siku ile, na huu naona ndio wenye nguvu zaidi. Draiva ya kadi ya picha ikikosekana kweli, Windows hutumia draiva yake ya dharura. Picha huwa kubwa na mbaya, herufi huvimba. Sasa ukifungua ukurasa wa mipangilio katika hali hiyo, unafunguka! Orodha ya ukubwa wa picha huwa imefifia na haibadiliki, lakini ukurasa uko mbele yako. Maana yake, dalili niliyokuwa nikiihusisha na draiva mbovu ni karibu kinyume cha dalili halisi ya draiva mbovu.

Unaweza kuthibitisha mwenyewe bila kifaa chochote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaletewa machaguo ya kuonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta, kwenye projekta, au kote kuwili. Machaguo hayo yakifunguka na kufanya kazi ilhali ukurasa wa mipangilio unagoma, mfumo wa picha ni mzima. Ukibonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, draiva ya picha huanzishwa upya papo hapo: kioo kinazima kwa sekunde moja, mara nyingi na mlio mfupi, kisha kinarudi. Kama baada ya hapo ukurasa bado haufunguki, iache kadi ya picha.

Basi ni nini kinachogoma?

Historia yake ni fupi. Windows ilikuwa na paneli ya udhibiti tangu toleo la kwanza la 1985. Programu mpya ya mipangilio ilianza na Windows 8 mwaka 2012, ikakua na Windows 10 mwaka 2015, na kufikia 2017 sehemu ya kioo ilikuwa imehamishwa huko moja kwa moja. Tangu hapo, unapochagua "Display settings" hufungui kitu kilicho ndani ya kioo au ndani ya kadi. Unatuma ombi lenye anwani, na anwani yenyewe ndiyo ile ms-settings:display.

Hebu tulipeleke jambo hili ghalani. Huku kusini tumezoea mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwenye korosho za Mtwara ulianza msimu wa 2007/2008. Korosho zako ziko ghalani, zimepimwa, zimepangwa. Unataka kujua gunia zako ni za daraja gani. Huingii ghalani kujionea. Unamtuma kijana dirishani na kikaratasi kilichoandikwa "karani, habari za daraja". Kijana anafika, msimamizi wa lango anasoma neno la kwanza, "karani", anafungua daftari kuona karani anakaa chumba namba ngapi, anamwelekeza kijana huko. Karani akiwepo, anasoma neno la pili, "daraja", anafungua ukurasa husika.

Kijana akirudi mikono mitupu, je, korosho zimeoza? Hapana. Korosho ziko palepale. Huenda daftari halina namba ya chumba cha karani. Huenda namba ipo lakini karani amesinzia. Huenda karani yupo macho na amekatazwa na meneja kutoa habari za daraja. Kijana ni kule kubofya kwako. Kikaratasi ni ms-settings:display. Msimamizi wa lango ni Windows, daftari ni rejista yake, yaani hazina yake ya kumbukumbu za mipangilio, na karani ni programu ya mipangilio. Korosho ndiyo picha unayoiona wakati wote.

Kinachonivutia kuliko yote ni lile daftari, kwa sababu madaftari ni mawili. Moja ni la ghala zima, linamhusu kila anayetumia kompyuta hiyo. La pili ni la kwako binafsi, lipo kwa kila mtumiaji mwenye akaunti. Windows husoma yote mawili, na yakipingana, la kwako ndilo linalofuatwa. Utaratibu huu una faida: wewe unaweza kufungua picha kwa programu unayoipenda bila kumwingilia mwenzako. Lakini tazama inavyokuwa mtu akiandika kwenye daftari lako mstari unaosema "karani" halafu mbele yake asijaze chumba. Msimamizi anaanza na daftari lako, anaukuta mstari, anaona umejibiwa, hafiki kwenye daftari kuu ambako namba sahihi imeandikwa vizuri tangu siku ya kwanza. Kijana anarudi mikono mitupu kila mara, na ghala lote ni zima.

Nani huandika mstari wa namna hiyo? Ndani ya Windows kuna programu ndogo iitwayo fodhelper.exe, ya kushughulikia vipengele vya ziada. Windows huiamini kiasi cha kuipa mamlaka ya juu bila kumuuliza mwenye kompyuta, mradi akaunti yake ni ya msimamizi. Nayo ikiamka hutafuta neno ms-settings, ikianzia kwenye daftari la mtumiaji. Hila hii imejulikana hadharani tangu 2017: programu yenye nia mbaya huandika jina lake kwenye mstari huo, kisha huiamsha fodhelper, nayo huiendesha ikiwa na mamlaka yote. Baadaye antivirusi huja, huifuta programu mbaya, lakini mstari hubaki bila chumba. Virusi vimeondoka zamani, kompyuta inaonekana safi, ila mipangilio haifunguki tena.

Hilo halina maana kwamba kila kompyuta yenye dalili hii iliwahi kuingiliwa. Zipo sababu nyepesi zaidi, na ndizo za kuanza nazo.

Karani hulala. Programu ya mipangilio ikikaa bila kutumika, Windows huilaza ili isile umeme na kumbukumbu. Ukiangalia kwenye orodha ya kazi utaikuta imesimamishwa, na hilo ni jambo la kawaida. Mara nyingine inaitwa na haiamki. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, itafute kwenye orodha, iue, kisha jaribu tena.

Ipo ya projekta, ambayo hapa huonekana sana baada ya mikutano. Projekta imezimwa lakini waya haujachomolewa, na kompyuta bado imewekwa kutandaza picha kote kuwili. Ukurasa unafunguka vizuri kabisa, upande wa ukutani, ambako hakuna mwanga. Windows na P, chagua kioo cha kompyuta peke yake, na utauona unarudi.

Kwenye kompyuta za ofisi na shule, msimamizi anaweza kuwa amefunga mipangilio yote, na hapo hutokea tangazo la zuio. Anaweza pia kuficha ukurasa wa kioo peke yake. Ukiuita, unapelekwa ukurasa wa mwanzo wa mipangilio. Hapo usihangaike na rejista, kamwone aliyefunga.

Na mafaili ya Windows yenyewe huweza kuharibika, hasa umeme ukikatika katikati ya sasisho. Amri mbili huandikwa kwenye dirisha jeusi la amri (Command Prompt) lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi: kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Ya kwanza kwa kawaida huvuta mafaili mazima kutoka intaneti, kwa hiyo hakikisha bando lipo kabla hujaanza.

Draiva niliyoitetea nayo ina mahali pake. Kama programu ya mipangilio inafunguka kwa Windows na I, kurasa nyingine zote zinakwenda, halafu unapoingia ukurasa wa kioo tu ndipo inajifunga ghafla, hapo draiva inastahili kuchunguzwa. Ukurasa ule huiuliza draiva maswali: vioo vingapi, ukubwa upi, mwendo upi. Jibu bovu linaweza kumwangusha muulizaji. Nilichokosea ni kuiona draiva pale ambapo hata mlango wa kwanza haukufunguka.

Yule karani alirudi baada ya wiki tatu. Ukurasa ulikuwa umegoma tena. Nilimuuliza aliweka nini baada ya mimi kupiga Windows, akanionyesha fleshi ileile aliyokuwa nayo mwanzo, yenye kraki ya kufungulia leseni. Safari hii sikugusa draiva. Kwa kuwa mipangilio haikufunguka, nilitengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwa amri ya net user kwenye dirisha jeusi, nikaingia nayo. Kompyuta ileile, kioo kilekile, draiva ileile. Ukurasa wa mipangilio ya kioo ukafunguka mara moja, kwa sababu mtumiaji mpya alikuja na daftari lake ambalo halijaandikwa na mtu.

Nikarudi kwenye akaunti yake, nikafungua rejista kwa regedit, nikaenda HKEY_CURRENT_USER, Software, Classes. Jina ms-settings lilikuwepo, mahali ambapo kwa kawaida halipo, na ndani yake amri ilikuwa tupu. Nilihifadhi nakala ya mstari ule kwanza, nikaufuta. Nikachunguza virusi kompyuta nzima, pamoja na fleshi, na nikamwomba asiirudie ile kraki.

Nikabofya mahali patupu kwenye kioo, nikachagua "Display settings". Karani mwenyewe ndiye aliyekuza herufi hadi asilimia 150, akaigeuza laptopu, akarudi nyuma hatua tatu kupima kama mwenyekiti wake ataona kutoka kwenye kiti chake. Pesa ya mara ya kwanza nilimrudishia.