Kuvu adimu kwenye hebaria: yanayosemwa na yaliyo kweli

Watu wengi huamini kwamba kuvu yenye rekodi chache kwenye hebaria, yaani maghala ya sampuli kavu za mimea na kuvu, iko karibu kutoweka. Huenda ikawa hivyo, lakini idadi ya rekodi peke yake haitoshi kuthibitisha. Uyoga tunaouona ni kiungo cha kuzalia tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zinazoishi udongoni au ndani ya mti miaka nenda rudi. Uyoga wenyewe ukichomoza, mara nyingi hudumu siku chache, na anayepita hapo anaweza asiujue.

Mfano mzuri ni Chorioactis geaster, kuvu ya kahawia ambayo ikikomaa hupasuka na kutanuka umbo la nyota. Ilikusanywa Austin, Texas, mwaka 1893. Mwaka 1937 ikapatikana Japani, ng'ambo ya Pasifiki, kisha haikuripotiwa tena nchini humo hadi 1973. Muda wote huo ilikuwa hai kwenye miti iliyokufa. Kilichokosekana ni mtu wa kuiokota na kuikausha.

Wengine hudhani jina lililo kwenye kibandiko cha sampuli ni la mwisho, halibadiliki tena. Kuvu hiyohiyo iliitwa kwanza Urnula geaster. Mwaka 1902 ndipo ilipohamishiwa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake ya sasa, Chorioactis. Mtaalamu akipinga utambuzi wa zamani, huongeza kibandiko chake pembeni na kuacha cha awali mahali pake. Mimi nauheshimu sana utaratibu huu, kwa sababu kila anayefuata huona nani alisema nini na lini, na sampuli ipo ya kupimwa upya.

Picha je, haitoshi? Kwa spishi nyingi, hapana. Lazima spora, yaani chembe ndogo za kuzalia, zipimwe kwa hadubini, na pengine vinasaba visomwe. Hata hivyo sampuli kavu nayo haisemi yote: rangi hufifia, harufu hupotea. Mkusanyaji asipoandika hayo siku ileile, pamoja na aina ya mti uliobeba kuvu, hayapatikani tena.

Wala usidhani sampuli ya kale ni takataka. Mwaka 2013 watafiti walisoma vinasaba vya kimelea cha ukungu wa viazi kutoka kwenye majani yaliyokaushwa miaka ya 1840, enzi ya njaa kuu ya Ireland. Kimelea hicho si kuvu halisi, ila sampuli zake huhifadhiwa pamoja na za kuvu.

Kuna pia kosa la kuhesabu. Mkusanyo mmoja ukigawanywa kwa hebaria tatu, hifadhidata inaweza kuonyesha rekodi tatu. Kwa spishi ya kawaida hilo halina uzito. Kwa spishi yenye rekodi tano duniani, linabadilisha picha nzima. Kabla ya kuhesabu, linganisha jina la mkusanyaji, namba aliyoupa mkusanyo na tarehe.