Kishikwambi au simu: mwanafunzi wa udaktari anahitaji nini?

Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likiingia tu, swali ni lile lile: "Dokta, ninunue kishikwambi?" Wanaouliza zaidi ni wa mwaka wa tatu, wale wanaotoka madarasani na kuanza kuzunguka wodini. Mimi ni daktari bingwa wa watoto na ninawafundisha wanafunzi hao. Jibu langu haliwafurahishi wauza vifaa: kifaa unakihitaji, ila mara nyingi ni hicho hicho ambacho tayari unacho mfukoni.

Swali lenyewe si la jana. Mwaka 1996 ilitoka Marekani Palm Pilot, kikompyuta cha kiganjani chenye kalamu yake. Toleo la bei nafuu lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, ambazo leo huenda zisitoshe hata picha moja ya WhatsApp. Bado madaktari wengi walikipenda, kwa kuwa mifuko ya koti jeupe ilikuwa imewalemea kwa vijitabu vya dawa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kiliwapa wanafunzi wa udaktari wa miaka ya mwisho simu za iPhone. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha California kule Irvine kiliwapa wa mwaka wa kwanza iPad. Wa wodini walipewa cha mfukoni, wa darasani wakapewa kioo kikubwa. Naona vyuo vyote viwili vilipatia.

Hapa Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Miaka ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, biokemia na pdf zisizoisha. Kusoma pdf ya kurasa 900 kwenye simu ni kujitesa macho, hivyo kishikwambi cha inchi 10 kinasaidia. Laptopu iliyotumika inasaidia vile vile, na unaichapia kazi zako. Ila kifaa peke yake hakitoshi: brakio pleksasi, ule mtandao wa neva za bega na mkono, kwa maoni yangu haikai kichwani mpaka uichore kwa mkono, uifute, uichore tena.

Wodini mambo hubadilika. Chukua mtoto wa kilo 14 mwenye malaria kali. Anahitaji artesuneti ya sindano; kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa ukisema miligramu 2.4 kwa kila kilo, mkubwa kwa mdogo. Mwaka 2015 ukabadilishwa: mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, kwa sababu ilionekana kwamba kwa dozi ile ile, damu ya watoto wadogo inapata dawa pungufu kuliko ya watu wazima. Huyu wetu basi ni miligramu 42, si 33.6. Apewe sasa hivi, kisha saa 12 na saa 24 baada ya dozi hiyo ya kwanza, halafu mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa za mseto.

Mwanafunzi aliyerithi kitabu cha kaka yake cha mwaka 2012 atakokotoa vizuri kabisa na kupata jibu la zamani. Hapo mtu husema, "Ndiyo maana tunatumia simu!" Taratibu. Pdf zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zina umri ule ule, na tofauti na kitabu, hazichakai jalada ukashtuka. Kabla hujaamini dozi, fungua ukurasa wa mbele uone mwaka. Mwongozo wa taifa wa matibabu pakua kwenye tovuti ya Wizara ya Afya, usingoje kutumiwa na rafiki. Na hizi programu za akili bandia zinazojibu kila kitu kwa ufasaha, msiziulize dozi ya mtoto. Zinaweza kukupa namba isiyo na chanzo kwa sauti ya profesa.

Kigezo changu kingine ni bando. Kitu chochote kinachodai intaneti ndipo kikupe dozi, kihesabu kuwa huna. Pakua mwongozo na programu ya kukokotoa dozi ukiwa na mtandao, kisha zima data na ujaribu kuzifungua. Zikigoma, tafuta nyingine.

Yapo mambo ambayo hata simu yenye chaji kamili haikusaidii. Mtu mzima akipata mzio mkali mbele yako, shinikizo la damu linashuka na koo linaziba, adrenalini ni miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, sasa hivi. Hiyo haitafutwi, inatoka kichwani. Kuhesabu alama za fahamu kwa kipimo cha Glasgow, 3 hadi 15, nako vivyo hivyo. Isitoshe, kwenye mtihani wa vitendo, ule wa kuhama kituo hadi kituo, simu inabaki nje.

Jingine ni macho ya mgonjwa. Bibi aliyeleta mjukuu akikuona umeinamia simu, anachojua ni kwamba unachati. Msalimie kwanza, kisha mwambie: "Bibi, naangalia kitabu cha dawa humu, nimpimie mtoto dozi yake." Ukimwonyesha na kioo, wasiwasi unakwisha. Simu ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapotoka wodini, maana inaingia nawe hadi kitandani.

Kuhusu picha sina mzaha. Eksirei yenye jina la mgonjwa, kidonda, uso wa mtoto: hivyo havirushwi kwenye kundi la darasa, hata kama nia ni kujifunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kati ya zile zinazolindwa zaidi. Wenzetu wa Kenya wana yao ya 2019.

Kwa hiyo kama simu yako inafungua pdf bila kukwama na ina nafasi ya gigabaiti chache, bumu lisiende dukani. Kama chaji inaisha saa sita mchana, nunua pawabenki. Kishikwambi namshauri aliye mwaka wa kwanza au wa pili asiye na laptopu, na hata huyo namwambia akishaanza wodi akiache hosteli, kwani hakiingii mfukoni na huwezi kumpima mtoto tumbo huku umekishika.