Mwezi mpevu wa Pasaka ni nini?

Mwezi mpevu wa Pasaka ni ule wa kwanza kupevuka tarehe 21 Machi au baada yake. Jumapili inayoufuata ndiyo Pasaka. Ukipevuka Jumapili yenyewe, sikukuu husogea wiki moja. Ndivyo ilivyokuwa 2025: mwezi ulipevuka 13 Aprili, Jumapili ya Matawi, Pasaka ikawa 20 Aprili.

Kwa hesabu hiyo, mwezi huo haukosi kuangukia ndani ya Juma Kuu, na sisi wa Mwanza tunaliona jambo hili ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huelea juu ya maji, dagaa wakaifuata nuru, wakakusanyika, nyavu zikawazoa. Mbalamwezi ikitawala taa hazivuti tena, na wavuvi wengi huacha mitumbwi mwaloni wakashona nyavu. Basi ukitoka Misa ya Alhamisi Kuu, ukatupa jicho ziwani usione ule msururu wa taa, kanuni ya Kanisa iko mbele ya macho yako. Mimi huwa nasimama kidogo, nikamshukuru Mungu.

Chanzo chake ni Injili. Bwana aliteswa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, nayo huadhimishwa mwezi ukiwa mpevu. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ukataka Wakristo wote washerehekee Ufufuko siku moja. Tangu hapo, bila kuchunguza anga, sala yenyewe ingekosa tarehe.

Na kweli tarehe ilianza kukosewa. Kalenda ya Julius Caesar iliuzidisha mwaka kwa takriban dakika 11, na kufikia karne ya 16 dakika hizo zilikuwa zimezaa siku 10 tangu Nisea. Papa Gregori wa 13 akachukua hesabu za tabibu Aloysius Lilius, zilizotetewa na padre Mjesuiti Christopher Clavius, mwanahisabati na mwanaastronomia. Mwaka 1582, Alhamisi 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Vatikani bado upo Mnara wa Pepo, ambamo mwale wa jua hupenya tundu la ukutani na kuangukia mstari uliochorwa sakafuni ili kufuatilia mwendo wa jua katika mwaka.

Mwezi wa Pasaka husomwa katika majedwali ya Kanisa, kwa hiyo unaweza kupishana kidogo na ule wa angani. Mwaka 2027 yote mawili yanakubaliana: 22 Machi, Jumatatu ya Juma Kuu.