Vuta, chonga, iga: njia za mkato za kubadilisha zana kwenye programu za kudizaini

Kaa nyuma ya dizaina mzoefu katika duka la uchapaji Kariakoo msimu wa harusi, halafu uangalie mikono yake, siyo skrini. Mkono wa kulia uko kwenye mausi. Wa kushoto umetulia juu ya kibodi, na kila mara kidole kimoja kinagusa kitufe na kuinuka. Haandiki neno lolote. Anabadilisha zana, na kitufe anachogusa ndicho kinachoitwa njia ya mkato.

Programu za kudizaini kama Photoshop, Illustrator na Figma zina zana kwa kila kazi: ya kusogeza vitu, ya kupaka rangi, ya kuandika, ya kukata picha. Zote zimepangwa kwenye upau wa zana, ule mkanda wa alama ndogondogo. Unaweza kupeleka mausi mpaka kwenye alama, ukabofya, ukarudi kwenye kazi. Au unaweza kubonyeza herufi moja tu, bila Ctrl wala Shift, na mausi ikabaki ilipo. Katika Photoshop, B, umeshika brashi. T, uko tayari kuandika. Kama hujui herufi ya zana fulani, tuliza mshale juu ya alama yake kidogo, programu itakuonyesha jina na herufi.

Wengi wanazisifia njia hizi kwa kasi. Ni kweli, lakini kwangu faida kubwa iko kwenye jicho. Chukua picha ya bibi harusi unayotaka kuitoa kwenye ukuta wa ukumbi na kuiweka kwenye kadi. Umeikuza mpaka unaona nywele mojamoja pembeni ya shela, na unafuata ukingo wake polepole. Kila unapokwenda kwenye upau, jicho linauacha ukingo ule, na ukirudi inabidi uanze kutafuta ulipoishia. Ukibadilisha zana kwa kidole, jicho halijatoka pale.

Kinachowakwamisha vijana wengi ninaowafundisha ni kwamba herufi hizi zilitokana na majina ya Kiingereza, na hata huko hazifuati majina kila mara. Zana ya kusogeza vitu katika Photoshop ni V, wakati jina lake la Kiingereza linaanza na M. Kijana anajaribu kukariri kitu ambacho hakina maana kwake, na wiki ikiisha amesahau. Nilipoacha kuwakaririsha Kiingereza na kuanza kutafuta maneno yetu, mambo yalibadilika. V ni vuta. C ya kupunguza kingo za picha ni chonga. I, kile kidonezi cha kuchukua rangi kutoka kwenye picha, ni iga. U ni umbo, Z ni zidisha ukubwa, H, ule mkono wa kusogeza picha nzima kwenye skrini, ni hamisha. P ni peni na B ni brashi, hayo tunayo tayari. M inayochagua eneo la pembe nne ni mraba, na ukihamia Illustrator inazidi kukaa vizuri, kwa sababu kule M inachora pembe nne yenyewe. E ya kufutia sijaipatia neno linaloridhisha, kwa hiyo hiyo tunaikariri hivyohivyo.

Kuna jambo moja ambalo hata waliofanya kazi miaka mingi hawalitumii: kubonyeza ni tofauti na kushikilia. Ukiwa na zana yoyote katika Photoshop, shikilia kitufe kirefu cha nafasi, mshale unageuka mkono, unaisogeza picha. Ukiachia, unarudi kwenye zana uliyokuwa nayo. Ukiwa unapaka kwa brashi, shikilia Alt na ubofye, utaiga rangi iliyo chini ya mshale, kisha achia uendelee kupaka. Hata herufi zenyewe ziko hivyo. Shikilia E, futa kosa, achia, brashi imerudi. Nikiwa narekebisha picha ya zamani iliyochanika, kidole gumba changu hakitoki kwenye kile kitufe kirefu.

Katika Photoshop, zana kadhaa zinakaa nyuma ya alama moja na kutumia herufi moja. Hapo unaongeza Shift kwenye herufi ili kuzipitia moja baada ya nyingine.

Hatari iko kwenye maandishi. Mshale ukiwa ndani ya kisanduku cha maneno, herufi zinarudi kuwa herufi. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza kuandika jina la bibi harusi, nikabonyeza V mara mbili nikidhani nimeshatoka, nikaendelea na kazi. Kadi za mchango 200 zilichapwa zikiwa na v mbili mwishoni mwa jina lake. Nilizichapa upya kwa gharama yangu na kwenda kumwomba radhi mama yake. Tangu siku ile, katika Photoshop nafunga maandishi kwa Ctrl na Enter kwanza, ndipo mkono unagusa herufi nyingine.

Usitegemee pia kwamba herufi ni zilezile kila mahali. L katika Photoshop ni kamba ya kuzungushia eneo. Katika Illustrator inachora duara. CorelDRAW, ambayo bado naikuta katika maduka mengi ya uchapaji hapa Dar es Salaam, inatumia vitufe vya juu kwa kazi nyingi: F6 kwa mstatili, F7 kwa duara, F8 kwa maandishi. Na kile kitufe kirefu, ukikigusa mara moja huko, kinakurudisha kwenye zana ya kuchagua vitu.

Anayeanza asikimbilie herufi 20 kwa siku moja. Vuta, brashi, tekisti na zidisha zinatosha kwa wiki ya kwanza. Kisha afungue kazi halisi, bango au kadi, abonyeze kitufe cha Tab. Katika Photoshop upau wote utafichika na kuacha picha peke yake. Afanye kazi hivyo mpaka jioni.