Namba iliyo kwenye chuma si lazima iwe namba ya kipuri: kusoma moteri za Land Cruiser za zamani

Ukiomba tu "joint ya culasse ya Land Cruiser ya zamani", yaani gasketi ya silinda hedi, pale sokoni Kadutu, muuzaji anaweza kukuwekea mezani tatu au nne, zote zinafanana kwa macho, na moja tu ndiyo yako. Land Cruiser za mfululizo wa 40 ambazo bado zinafufuliwa hapa Bukavu zilitoka kiwandani na moteri tofauti: F na 2F za petroli, B, 2B na 3B za dizeli zenye silinda nne, H na 2H za dizeli zenye silinda sita. Tena nyingi zimeshabadilishiwa moteri. Bloki ya 3B ilifungwa pia kwenye Dyna na Coaster, na 2H iliingia kwenye Coaster, kwa hiyo kibati cha gari, kile chenye jina la modeli, kinaweza kusema BJ40, ambayo ilizaliwa na moteri ya B, huku chini ya boneti kuna 3B ya lori.

Ndiyo maana naanza na bloki, na kibati nakiacha kwa vipuri vya bodi na chasisi. Namba ya moteri ya Toyota hugongwa kwenye uso uliosawazishwa wa bloki, na inaanza na jina la moteri: 3B, 2H, 2F. Ikisomeka, umeshamaliza nusu ya kazi. Isiposomeka, au uso ule ukiwa umepigwa msasa na mtu mwingine kabla yako, pima silinda.

Vipimo vya kiwandani ni hivi, kipenyo kwanza kisha mwendo wa pistoni, kwa milimita. B ni 95 kwa 105. 2B ni 98 kwa 105. 3B ni 102 kwa 105. H ni 88 kwa 98, 2H ni 91 kwa 102. F ya petroli ni 90 kwa 101.6, na 2F ni 94 kwa 101.6. Usipime pale ringi zinapogeukia juu, maana hapo ndipo silinda inapolika zaidi. Pima chini kabisa ambako ringi hazifiki, mara mbili, kipimo cha pili kikiwa kimekatiza cha kwanza kwa pembe mraba. Ukipata 102.50 usitafute moteri nyingine: hiyo ni 3B iliyokwisha kuchongwa, na pistoni zake zitakuwa na maandishi O/S 0.50 kichwani, yaani zimezidi saizi ya kawaida kwa nusu milimita. Mwendo wa pistoni unaupata kwa kipima-kina: pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa, toa moja kwa nyingine.

Vipimo peke yake havitoshi kwa moteri ambazo ni ndugu. 13B nayo ni 102 kwa 105 kama 3B, na 12H-T ni 91 kwa 102 kama 2H. Tofauti iko kwenye namna dizeli inavyochomwa: 3B na 2H zina vyumba vidogo vya kuchomea ndani ya silinda hedi, wakati 13B na 12H-T zinapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na pistoni zake zina bakuli lililochimbwa katikati. Angalia pistoni kabla hujalipa pesa ya gasketi au nozeli.

Kosa la gasketi linaumiza kwa njia mbili. Gasketi ya B kwenye 3B: tundu lake ni dogo, pete ya chuma inaingia ndani ya silinda milimita tatu hivi kila upande, inapata moto wa moja kwa moja, na pistoni inaweza kuigonga. Haidumu. Gasketi ya 3B kwenye B inaweza kufunga bila kuvuja na kumdanganya fundi. Ila inaacha nafasi tupu kuzunguka silinda, mgandamizo unashuka, na hapa kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari ambako hewa tayari ni nyepesi, moteri inaweza kukataa kuwaka asubuhi. Watu hubadilisha betri, starta, hata pampu, wakati ugonjwa uko kwenye gasketi.

Sasa namba zenyewe. Herufi zilizoinuka, zilizotoka na chuma kwenye kalibu kilimomwagwa, ni namba ya umbo la chuma ghafi. Chuma ghafi kimoja kinaweza kuchongwa kuwa vipuri viwili tofauti, kwa hiyo namba hiyo haiagizwi. Mara nyingine utakuta tarakimu tano tu. Herufi zilizogongwa baada ya kuchonga, au zilizo kwenye kibati au lebo, ndizo zenye uzito zaidi. Na zipo namba za mtengenezaji wa kipuri, kama Nippondenso, NOK au Koyo, ambazo hazitapatikana kwenye katalogi ya Toyota hata ukitafuta usiku kucha.

Namba ya Toyota ina tarakimu tano, kistari, tarakimu tano nyingine, na wakati mwingine mbili za mwisho za saizi, daraja au rangi. Tano za kwanza zinataja aina ya kipuri: 11101 ni silinda hedi, 11115 gasketi yake, 13101 pistoni za saizi ya kawaida na 13103 za O/S 0.50, 16100 pampu ya maji, 19850 hita plagi (zinazopasha moto silinda za dizeli kabla ya kuwasha), 22100 pampu ya dizeli. Ikianza na 04111 ni seti nzima ya gasketi. Tarakimu mbili za kwanza baada ya kistari mara nyingi zinafuata familia ya moteri: 56 kwa B, 58 kwa 3B na ndugu zake, 68 kwa H na 2H. Kwa hiyo ukiuziwa 11115-68 kwa ajili ya 3B, rudisha pale pale, hata boksi likiwa na picha ya gari lako.

Vipuri vinavyoanza na 9 vina kanuni nyingine, na ni rahisi kuliko vyote, kwa kuwa vinataja vipimo. Sili ya oili inayoanza 90311-38 ina shimo la milimita 38. Buloni ya 90105-08 ina uzi wa kipenyo cha milimita 8. Bering nayo inataja kipimo kwa namba iliyo ubavuni mwake. Ikiwa ni 6305, chukua 05, zidisha kwa 5, shimo lake ni 25. Kanuni hiyo inaanzia 04 kwenda juu. 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kwenye sili angalia pia mshale wa mzunguko. Sili yenye mistari ya mshazari kwenye mdomo ikifungwa kwa upande usiofaa inasukuma oili nje, na itavuja ingawa vipimo vyote ni sahihi.

Hita plagi zina volti zilizoandikwa kwenye mwili wake. Soma volti kwanza, namba baadaye: Land Cruiser za dizeli zilitoka za volti 12 na za volti 24, na plagi ya mfumo wa volti 12 kwenye mfumo wa volti 24 inaungua papo hapo.

Kusafisha namba: dizeli, brashi ya shaba, kitambaa. Grainda hapana, brashi ya chuma kigumu hapana. Paka chaki, futa juu, kisha mulika tochi kwa ubavu ili kivuli kiingie kwenye herufi, na upige picha mbili, mwanga ukitoka pande mbili tofauti. 3 na 8, 0 na 6, B na 8 zinadanganya sana chini ya kutu. Penye shaka andika zote mbili.

Unapoagiza Kampala au Dubai, tuma jina la moteri, kipenyo ulichopima, picha ya kipuri cha zamani kikiwa kando ya rula, na namba zote ulizoziona, kila moja ukitaja kama imeinuka, imegongwa au iko kwenye kibati. Kwa pampu ya dizeli piga picha ya kibati chote bila kukikata, maana namba ya Toyota na ya Nippondenso hukaa karibu karibu na muuzaji anahitaji zote. Kipuri cha zamani usikitupe hadi kipya kifungwe na moteri iwake.