Asidi dhaifu: udhaifu wake uko wapi?

Asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, huitwa asidi dhaifu. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni asidi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Sivyo. Kuzimua hubadili ukolezo, yaani asidi iliyomo katika kila lita. Udhaifu ni tabia ya molekuli yenyewe ikishaingia majini.

Chukua mmumunyo wenye moli 0.1 (moli ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli) ya asidi ya hidrokloriki kwa lita. Molekuli zake karibu zote huachia ioni (chembe yenye chaji) ya hidrojeni, maji yakaidaka, na pH, namba inayoshuka kadiri ioni hizo zinavyokolea, huwa 1. Asetiki ya kiasi hichohicho ni habari nyingine: katika kila molekuli 1,000, zilizogawanyika ni kama 13 tu, na pH husimama karibu na 2.9. Zile 987 hazijalala, lakini. Hii inaachia ioni, ile inaipokea yake tena, na kasi ya kuachana ni sawa na ya kurudiana. Hali hiyo ndiyo msawazo.

Besi dhaifu (besi ni kinyume cha asidi) ni vilevile, ila mambo yamegeuzwa. Amonia huyanyang'anya maji ioni ya hidrojeni, ikawa amoniamu, na nyuma inabaki ioni ya hidroksidi. Kwa sadfa tu, namba yake ya msawazo, yaani ile inayoonyesha msawazo umeegemea upande gani, katika nyuzi 25 za Selsiasi inakaribiana sana na ya asetiki: 0.000018.

Sasa zimua ile asetiki mara 100. Sehemu iliyogawanyika hupanda kutoka asilimia 1.3 hadi kama 12.5, kwa sababu ioni zilizotawanyika hukutana kwa nadra. Mwanakemia Wilhelm Ostwald aliliwekea jambo hili kanuni mwaka 1888. Hata hivyo pH nayo hupanda, maana maji yameongezeka kuliko ioni.

Kinachowachanganya wanafunzi zaidi ni hiki: ujazo sawa wa asidi zile mbili za moli 0.1 humaliza hidroksidi ya sodiamu, ambayo ni besi, kwa kiasi kilekile. Besi ikila ioni moja, molekuli nyingine ya asetiki hugawanyika kuziba pengo, hivyo hivyo mpaka zote ziishe.

Wala usilichukulie neno "dhaifu" kuwa ni "salama". Asidi ya hidrofloriki imo katika kundi hili la wadhaifu, na haiwekwi kwenye chupa ya kioo, kwa kuwa huila.